Mti wa Kupimia Maji

Mimi ni mwalimu mbaya. Nasema mwenyewe, kabla wazazi wa Mangobo, mtaa wetu hapa Kisangani, hawajawaambia. Nafundisha darasa la tatu, na watoto wakisikia viatu vyangu kwenye veranda wanatulia kama maji ya mtungi. Si heshima ile, ni woga. Nafoka, narusha chaki, na kabla ya mapumziko kichwa tayari kinaniuma. Niliingia ualimu kwa sababu Papa alisema msichana aende shule, mvulana ashike mti. Basi, yakaisha.

Mti wenyewe ni huu. Papa yangu, Papa Zacharie, mtu wa Isangi, anaendesha baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, kati ya Isangi na Kisangani. Anapakia mihogo, mawese, mbuzi, na akina mama waliokaa juu ya magunia. Yeye yuko nyuma kwenye usukani, haoni kilicho chini ya maji. Kwa hiyo mbele kabisa lazima asimame mtu mwenye mti mrefu, auchovye, apime kina, amwonyeshe kwa mkono: kushoto, kulia, pita. Mchanga wa mto wetu unahama. Leo pana njia, kesho pana kisiwa. Mti wetu aliukata Koko, baba yake Papa. Ukapita kwa Papa, na baada yake ulikuwa wa mtoto wa kiume. Una amri moja tu: hauachiwi. Anayeuachia majini hasimami tena mbele.

Mimi niliuachia. Nilikuwa msichana mdogo, tumekaribia kijiji cha Yanonge, mpima maji ameshikwa na homa, na Papa akaniruhusu nisimame mbele kidogo. Eh, furaha ile! Darasani sijaionja hata siku moja. Nilionyesha kushoto, na mashua yote ikanifuata, na mbuzi wake na mama zake. Kisha mti ukanasa kwenye tope, mashua inaenda, mti hauji, nikafungua mikono. Wavuvi waliuokota nyuma yetu, haukuvunjika hata kidogo.

Papa akaniumbua mbele ya abiria wote. "Munaona? Mwanamuke hawezi simama mbele. Sisi hatuachiaka muti ya Koko!"

"Papa, muti ni muti!" nikamjibu.

Kofi lile shavu langu bado linalikumbuka.

Mti ukaenda kwa mdogo wangu, Héritier. Alikabidhiwa wiki ileile alipofaulu examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, poudre ya kumpongeza tuliyommwagia kichwani haijatoka hata kwenye masikio. Maskini, hakuwa mtu wa mto. Alipima vizuri, ndiyo, lakini kama mtu anayekunywa dawa. Mashua ikifungwa tu ufukoni, utamkuta ameshika kipande cha mkaa, anawaandikia watoto wa abiria herufi kwenye mbao za sakafu, nao wamemzunguka, hawataki kuteremka, mama zao wanaita mpaka sauti zinakauka.

Akifika Kisangani alikuja darasani kwangu. Siku moja nilikuwa nimeshindwa kabisa na hesabu za sehemu. Nusu, robo, watoto wananitazama tu. Héritier akachukua chaki, akachora kwanga kubwa, ule mkate wetu wa muhogo, pembeni ya ubao. "Kwanga iko moja, njaa iko ine. Tunafanya nini?" Darasa likalipuka. Walikata ile kwanga ya chaki, wakagombana, wakacheka, na wakaelewa! Wivu nilikuwa nao, sitaficha, lakini nilimwonea fahari zaidi.

Directeur wa shule yetu, Tonton Hubert, alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu ndiye huyu," akasema. "Weye Delphine, pardon, tunakuvumilia." Akaahidi kumpa Héritier darasa la kwanza mwezi wa tisa.

Jumapili Papa alipokuwa nyumbani nikampikia liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani, na lituma ya ndizi za kuponda, chakula anachokipenda. Mtu mwenye tumbo tupu hasikii. Alipoanza kula nikasema, "Papa, tubadilishane. Héritier aende darasani, mimi nisimame mbele ya mashua."

Akaacha kula. "Weye uliachiaka."

"Nilikuwa mutoto!"

"Muti haijui mutoto." Akamgeukia Héritier. "Na weye? Umechoka na muti ya Koko?"

Neno moja tu: ndiyo. Nililingoja lile neno mpaka mbavu zikaniuma. Héritier aliangalia sahani yake.

"Hapana, Papa."

Nilimfuata uani, nimechemka. Akanishika mikono. "Ya Delphine, dada yangu, Papa akiniangalia vile, nasahau hata jina yangu. Niache nimalize saison hii. Mwezi ya tisa nitamwambia mwenyewe, parole, naapa." Alikuwa anatabasamu. Nikamwamini, na ningemwamini tena.

Mwezi wa sita maji yalishuka. Yaliyotokea mtoni, chini ya Yanonge, sikuyaona. Papa aliyasimulia baadaye, mara moja tu, amekaa chini sakafuni, na tangu siku hiyo hayasimulii.

Mti ulinasa kwenye gogo lililozama. Mashua ilikuwa inaenda kasi, imebeba mzigo. Abiria wakapiga kelele: "Achia! Achia!" Hata Papa alipiga kelele, lakini injini ilimmeza sauti. Héritier akageuza uso nyuma, akamtazama Papa. Hakumtazama mtu mwingine. Midomo ya Papa ilikuwa inasema achia, na mtoto, mnajua aliona nini? Aliona ile sura ya mezani, ile inayomsahaulisha hata jina lake. Akakaza mikono. Mti ukamng'oa mbele ya mashua kama muhogo, na mashua ikapita juu yake.

Mimi niliyeuachia niko hai. Yeye aliyetii hayupo. Nipeni mtu anifundishe hesabu hiyo!

Kesho yake, kabla habari haijanifikia, Papa alikuja shuleni, katikati ya somo, suruali imelowa mpaka magotini, mti mkononi. Mti ulikuwa umeelea wenyewe. Wavuvi waliuokota, kama mara ile. Watoto wakasimama: "Bonjour, Papa!" Yeye alikuwa anaangalia ubao. Kwanga ya Héritier ilikuwa bado pale pembeni, watoto walikuwa wamenikataza kuifuta.

"Iko ya Monsieur Héritier," Benie wa dawati la mbele akamweleza. "Leo anakuja?"

 Papa akaniambia mimi, taratibu, "Twende tumutafute mu mayi. Batu ya port balitaka kunipa mupimaji mwingine. Nimekatala. Nimesema niko na mutoto wangu."

Tulishuka mto mimi na yeye, mashua tupu, bila mbuzi, bila magunia. Chini ya Yanonge akapunguza injini, akaja mpaka mbele, akaniwekea mti mikononi. Ulikuwa laini pale Koko alipoushika, na Papa, na mdogo wangu. Maisha yangu yote nilikuwa nautaka mti ule. Nilitamani kuuvunja kwenye goti langu.

Papa hakurudi kwenye usukani mara moja. Alisimama, akashindwa kunitazama.

"Delphine, ikikwama, achia."

Nikaushika mti vizuri.

"Unasikia, maman? Achia. Muti ni muti."

Sasa ndiyo unasema, Papa? Sasa? Lile neno nikaliacha, maana mzee alikuwa analia kama mtoto wa darasa langu. Akarudi nyuma, akashika usukani, akaningojea nimwonyeshe njia. Nikasimama mbele, mahali pangu, nikauchovya mti, nikaanza kumtafuta Héritier.