Mtoto Mpole

Sifa zilianza mapema. Jirani akija kumpongeza Msusi kwa kujifungua salama, mama mkwe anamwahi mlangoni: "Njoo umwone mjukuu wangu! Halii, hasumbui, mpole kama babu yake." Babu mwenyewe, Mungu amrehemu, ugomvi wake ulijulikana mtaa mzima, lakini nani angebisha siku ya furaha?

Msusi naye alifurahi, kusema kweli. Wateja wake walikuwa wamemtisha kwamba mzazi haoni usingizi. Mbona yeye alilala fofofo! Ila mtoto aliyekuwa akinyonya kwa pupa sasa akipewa ziwa analigusa tu, anasinzia.

"Mama, mbona hanyonyi?"

"Ameshiba huyo. Mimi nimelea saba, mwanangu. Usimchokoze mtoto aliyetulia."

Utabishana vipi na saba? Msusi akamlaza mtoto. Kesho yake mchana akamshika miguu, akaikuta ya baridi. Hakuaga mtu. Alimfunika mtoto, akatoka mbio kwenda zahanati na ndala zisizofanana.

Muuguzi alimvua mtoto nguo, uso ukambadilika.

"Ameacha kunyonya tangu lini?"

"Tangu jana. Tulidhani ni mpole."

"Mpole! Mama, mtoto mchanga akilala tu, hataki kunyonya, huyo ni mgonjwa. Si nawafundisha kila kliniki?"

Alifundisha, kweli. Msusi alilikumbuka lile benchi, na akina mama wenzake macho yote kwenye foleni. Muuguzi alipouliza, "Mmeelewa?" waliitikia, "Ndiyooo!" ili amalize, wapimwe, waondoke zao. Sauti ya Msusi ndiyo iliyowazidi wote. Hata hakujua ameulizwa nini.

Wakamwingiza mtoto ndani, mlango ukafungwa. Mama mkwe akafika anahema, kilemba kimelegea.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wamechelewa kumpata. Watajaribu."

Mama mkwe akakivua kilemba. Akakaa. Msusi alitaka kumpigia kelele, lakini angeanzia wapi, na yeye mwenyewe alilala usingizi ule?

Ghafla ndani mtoto akalia, kilio kikali cha njaa. Msusi akaruka. "Huyo ni wangu!"

Muuguzi akachungulia, akatikisa kichwa. "Wa mwenzako, mama. Kaa."

Akakaa. Maziwa yalikuwa yameshaanza kumtoka kwa kilio kile, yakalowanisha gauni, na hakujua ayafanye nini.