Mlimani Hakuna Undugu

Wanaume wa chama cha baiskeli walikuwa na msemo wao, na waliutumia kama sheria: mlimani hakuna undugu. Kila Jumamosi walikutana kwenye daraja la mbao chini ya machimbo ya mawe, na gurudumu la mbele likishagusa udongo wa ng'ambo, basi. Hakuna kuongea, hakuna kusimama, hakuna kugeuka nyuma hata ukisikia mwenzako amekwenda chini na baiskeli yake. Mpaka kileleni. Wa mwisho kufika alifungiwa mkia chini ya kiti, akazunguka nao mjini wiki nzima, kazini na sokoni, na kila aliyemwona alikuwa na ruhusa ya kumcheka.

Mkia wenyewe ulikuwa mzuri kupita kazi yake. Ulikuwa wa mahameli nyekundu, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umejazwa pamba na kumalizwa kwa nyuzi nyeusi. Aliushona mke wa mwendeshaji waliyemwita Upepo kwa vipande vilivyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Alikuwa mshonaji, na alipokuwa akiushona alicheka mpaka akajichoma kidole.

"Natamani wa kwanza kuuvaa awe mume wangu," alisema. "Nyumbani ananiringia mno."

Mume wake, huyo Upepo, hakuwahi kuuvaa. Wala kaka wa mshonaji huyo, fundi rangi, hakuwahi. Hao wawili ndio waliokuwa wakigombea kilele kila wiki, shemeji kwa shemeji, na watu wa chama walikuwa wakiwekeana soda nani atatangulia.

Kisha mshonaji akaanza kuvuja damu. Ilikuwa imeanza zamani, lakini alikuwa mtu wa kusema "itapita" huku akibadilisha kanga. Alipoanguka juu ya cherehani ndipo wakampeleka hospitali. Daktari akasema ni uvimbe kwenye mji wa mimba, utolewe leo hii, na mgonjwa hana damu ya kufungulia tumbo. Kwenye jokofu la hospitali damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha. Zilihitajika chupa mbili. Kaka mtu na mume mtu wote walikuwa wa kundi lake.

"Basi mmepata," daktari alisema. "Chupa moja kila mmoja. Fanyeni haraka, isifike jioni."

Mshonaji alikuwa amelala kitandani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Akawatazama wanaume wake wawili, akatabasamu.

"Leo mtanibeba nyinyi," akasema. "Miaka yote nawafulia hizo kaptula zenu."

"Nyamaza, usichoke," fundi rangi akamwambia.

"Kaka, nikinyamaza mtadhani nimekufa."

Upepo akacheka, akambusu kwenye paji la uso. Fundi rangi aliona kwamba shemeji yake amekuja hospitali amevaa viatu vya baiskeli, vile vyenye chuma chini. Akajisemea, ametoka mbio, hakupata muda wa kubadilisha. Ndugu hutafutiana sababu.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa kwenye baraza ya chini, kando ya ngazi. Nesi alikuwa mama mnene mwenye saa kubwa kifuani. Alimshika fundi rangi kifundo cha mkono, akahesabu, akakunja uso, akahesabu tena.

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona moyo unapiga kama wa mtu aliyelala? Chini ya hamsini sina ruhusa ya kukutoa damu."

"Naendesha baiskeli, mama. Nina miaka mingi mlimani."

Nesi akaguna. "Wa mpira nawajua, wa baiskeli nilikuwa sijawapata. Basi sikia. Panda ngazi hizo mpaka ghorofa ya juu, shuka, panda tena. Uje unahema. Nitakuhesabu upya."

Fundi rangi akapanda ngazi mbio, akashuka, akapanda, akipishana na wagonjwa wenye magongo waliomtazama kama mwehu. Akarudi anahema. Nesi akahesabu, akaridhika, akamlaza, akamfunga mpira juu ya kiwiko. Alipokuwa amelala hapo akifumba na kufumbua ngumi, alimsikia shemeji yake akihesabiwa nyuma ya pazia.

"Hee, na wewe tena. Wewe ni chini zaidi ya mwenzako."

"Kweli?" sauti ya Upepo ilikuwa na furaha. "Yeye alikuwa na ngapi?"

"Haya si mashindano, baba. Fanya kama alivyofanya mwenzako. Panda ngazi, urudi."

"Napanda, nakuja."

Fundi rangi alisikia vile viatu vikigonga sakafu, ko, ko, ko. Chuma kwenye ngazi kina mlio wake. Alisubiri kuusikia. Hakuusikia.

Chupa ilipojaa nesi akamfunga bandeji, akampa juisi, akamwambia akae kitako, asinyanyue kitu, na baiskeli aisahau siku hiyo. "Damu uliyoitoa hapa ndiyo iliyokuwa inabeba pumzi yako," alisema. "Hairudi kesho." Kisha akachungulia nje. "Mwenzako yuko ghorofa ya ngapi?"

Hakuwa ghorofa yoyote. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mlinzi wa getini akasema, yule wa viatu vya chuma? Ameondoka zamani na baiskeli yake, tena kwa mwendo.

Hapo fundi rangi akakumbuka ni siku gani. Ilikuwa Jumamosi ya kuchagua wanne wa kwenda mashindano makubwa. Bucha, kapteni wa chama, mwenye duka la nyama, alikuwa amesema atakayetangulia kileleni siku hiyo ndiye atakayeongoza wanne hao. Na mwendesha baiskeli yeyote anajua kwamba mtu akitoa damu asubuhi, mchana hana mlima. Atakuwa hana mlima kwa wiki kadhaa.

Barabara ya machimbo haikuwa ikipitika kwa gari wala pikipiki tangu daraja kubwa lilipovunjika. Lilibaki lile la mbao, la miguu na baiskeli. Fundi rangi akafungua baiskeli yake kwenye nguzo, akapanda.

Kwenye tambarare alijidanganya kwamba yuko sawa. Alipofika darajani, chama chote kilikuwa kimeshaondoka. Aliwaona juu, mashati ya njano yamejipanga kwenye kona ya pili. Akauingia mlima.

Mlima ule alikuwa akiujua kama anavyojua ukuta alioupaka kwa mkono wake. Alijua pa kusimama kwenye pedali na pa kukaa. Siku hiyo haukumjua. Mapaja yalijaa maji, pumzi iliingia haikuleta kitu, na pembeni mwa macho palianza kuingia weusi. Kwenye kona ya tatu barabara hujikunja, wa juu akawa karibu na wa chini, umbali wa kurusha jiwe. Akamwona Upepo ametangulia mbele ya wote.

"Shemeji," akaita. "Shemeji, rudi. Nesi anakusubiri."

Upepo alisikia. Wote walisikia. Lakini mlimani hakuna kuongea, na wakamwona mtu mzima anayevunja sheria kwa sababu ameachwa. Mmoja akatikisa kichwa. Upepo akainama juu ya usukani, akabadilisha gia, akaondoka.

Kileleni kuna uwanja wa kokoto ambapo zamani malori yaligeuzia. Waliofika walikaa chini wakinywa maji, na Upepo akiwasimulia.

"Mimi nilitaka kutoa. Nesi akashika mkono, akashangaa. Akasema moyo kama huu hajauona. Akanikataa."

"Moyo wa bingwa," mmoja akasema.

"Na shemeji yako?"

"Yeye walimchukua. Wa kawaida wanachukuliwa."

Wakacheka. Ndipo fundi rangi akatokea, anasukuma baiskeli kwa mikono, uso umekuwa wa chokaa. Jambo hilo halikuwahi kuonekana, fundi rangi kusukuma. Watu wakampigia makofi. Alifungua kinywa, lakini hakikutoka kitu. Akainama, akashika magoti. Wakadhani ni aibu. Bucha mwenyewe akautoa mkia kwenye begi lake, ule wa mahameli, akaufunga chini ya kiti na kuunyoosha vizuri.

"Leo harusi ni yako, fundi," akasema. "Dada yako atafurahi, umebaki kwenye ukoo."

Walicheka muda mrefu. Upepo pia alicheka. Walipotulia kidogo, fundi rangi akapata pumzi ya maneno machache.

"Alikwambia upande ngazi," alimwambia shemeji yake. "Hakukwambia upande mlima."

Upepo akaangalia chupa yake ya maji.

"Ngazi gani?" Bucha akauliza.

"Na mimi moyo wangu ulikataliwa. Nikapanda ngazi, nikarudi, wakanitoa damu. Na yeye aliambiwa hivyo hivyo, nikiwa nimelala pale. Chupa ni mbili. Ya pili ndiyo hii imekaa hapa inakunywa maji."

Bucha alisimama, akafuta mikono kwenye kaptula kama anayetaka kukata nyama. "Ni kweli?"

"Nilitaka kurudi baadaye," Upepo akasema. "Ningerudi. Madaktari wenyewe huwa wanachelewa."

Walipanda baiskeli, wakateremka wote kwa pamoja, na safari hii wakamweka fundi rangi katikati asianguke. Upepo aliteremka nyuma yao.

Mlinzi wa geti alipoona mkia mwekundu unaning'inia akacheka mpaka akaegemea geti. "Huyu leo kapatikana," akasema. Fundi rangi akapita.

Barazani, wanaume wa mashati ya njano walikuwa wakipanda ngazi na kushuka, Bucha akiwa mbele, wamekunja mikono ya mashati tayari. Walikuwa hawajui hata kama makundi yao yanafaa. Wakajipanga mlangoni wanahema. Nesi akatoka. Akawatazama mmoja mmoja, mikono yao imenyooshwa, kisha akamtafuta fundi rangi kwa macho.

"Madaktari walishindwa kungoja," akasema. "Walianza na ile moja. Ile yako aliimaliza yote, baba. Teremsheni mikono."

Kwenye maziko hakuna aliyelia kama Upepo. Ilibidi ashikwe na watu wawili. Wanawake walimwonea huruma. Wakasema mapenzi kama yale sasa hayapo. Fundi rangi alisimama upande wa pili wa kaburi, bandeji bado iko kwenye kiwiko.

Habari ya ngazi hakumwambia mtu mwingine. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga alikwenda darajani kama kawaida, na wengine walikwenda, na Upepo naye alikwenda, maana kutokwenda kungekuwa kukiri. Wakaanza kupanda. Mwendesha baiskeli hujificha nyuma ya gurudumu la mwenzake, upepo wa mbele ukampiga yule. Upepo alipojificha nyuma ya mtu, mtu yule alisogea pembeni. Akamfuata mwingine, naye akasogea. Hakuna aliyezungumza, sheria ni sheria. Fundi rangi, ambaye bado hakuwa na mlima, walimzunguka, wakamfunika na kumvuta taratibu mpaka juu. Aliyebaki peke yake kwenye upepo alifika wa mwisho.

Fundi rangi aliufungua mkia kwenye baiskeli yake, akaufunga kwenye ya shemeji yake. Alikaza fundo kwa meno.

Ikawa hivyo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mahameli ilichubuka, ikaingia vumbi la machimbo, watoto wa mtaani wakajifunza kuikimbilia. Nguvu za fundi rangi zilirudi zote; angeweza kutangulia. Hakutangulia. Alipanda mbele kidogo tu ya Upepo, kiasi cha yule kumwona mgongo, na kila Upepo alipojitahidi, naye aliongeza kidogo.

Siku moja kileleni Upepo hakushuka kwenye baiskeli. Alikuwa amekonda. Fundi rangi alipopiga goti nyuma ya kiti chake kurudisha mkia, Upepo alimshika mkono.

"Shemeji, inatosha. Nitukane, nipige, lakini si huu. Huu aliushona yeye. Nikiufungua usiku naona nyuzi zake."

Fundi rangi alipitisha kidole kwenye ule mshono mweusi, mahali palipokuwa na doa dogo la damu la siku ile dada yake alipojichoma akicheka.

"Najua ni nani aliyeushona," akasema. "Alitamani uuvae."

Akavuta fundo, akalijaribu kama limeshika, akasimama.