Springi Fupi

Hakuna aliyemlazimisha Alois Lyamba kununua gari la milango miwili akiwa mkazi wa Mpanda. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa kushinda machimboni, na wenzake wote katika kazi hiyo walitembelea Land Rover zilizochubuka rangi. Lakini mwaka wa tisini na tano aliliona gari jekundu aina ya Celica kwenye yadi moja Dar es Salaam, na tangu siku hiyo akawa hasemi habari nyingine. Akalinunua. Akalipakia kwenye behewa la wazi, likasafiri na treni kupitia Tabora, na siku liliposhushwa stesheni ya Mpanda watu waliacha shughuli zao wakaja kulitazama likiteremka kwenye mbao.

Shokapu zake zilikuwa zimechoka tangu Dar. Barabara za Mpanda zikazimalizia. Haukupita muda mrefu, gari likawa linadunda kama mpira, na kila shimo lilipiga kelele chini ya kiti.

Mkewe Dorotea alilipanda mara moja tu, kwenda kanisani na kurudi. Dorotea alikuwa na mgongo mbovu. Miaka ya nyuma alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, na tangu hapo akawa hawezi kuinama kufagia bila kushika ukuta. Siku ile ya kanisani alishuka garini taratibu, akasimama akishikilia mlango, akavuta pumzi.

"Baba Vestina," alisema, "ukitafuta shokapu nyingine, tafuta laini. Na mimi nipande. Mama yangu kule Usevya sijamwona tangu mavuno ya mwaka jana."

"Nitatafuta," Alois alimjibu, na wakati ule alimaanisha.

Binamu yake Osward alikuwa Dar, na alijuana na wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani. Alois akaenda posta kumpigia simu. Laini ilikuwa inakatikakatika, wakawa wanapigiana kelele kila mtu kwenye upande wake wa nchi.

"Nimepata seti mbili!" Osward alisema. "Zote ni zile za kisasa, springi imevalishwa juu ya shokapu, unazungusha ringi gari linapanda au linashuka. Seti moja ni ndefu na laini, ya mashindano ya barabara za vumbi. Hiyo inameza mashimo yote. Nyingine ni fupi na ngumu, ya kwenye lami. Gari linalala chini, linapendeza, lakini kwa barabara zenu utajuta."

"Hiyo ndefu inainua gari kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha, hata ukishusha ringi mpaka mwisho. Litasimama kama mbuzi."

Alois akaliona akilini Celica lake limesimama kama mbuzi mbele ya baa ya Shanwe, na vijana wakicheka.

"Haloo? Upo?"

"Nitumie fupi."

"Alois, wewe unakaa Mpanda au Upanga kwenye lami?"

"Nitumie fupi, nimesema!"

Aliporudi nyumbani Dorotea alikuwa uani anachambua mchele. Aliinua uso, akauliza kama zimepatikana.

"Zimepatikana," alisema Alois. "Ila zile laini hazipo. Dar nzima hazipo."

"Basi si neno," Dorotea alisema, akarudisha macho kwenye ungo. "Umejaribu."

Neno lile lilimchoma. Alikuwa na nafasi ya kurudi posta, maana ilikuwa bado haijafungwa. Akakaa kwenye kiti, akaomba maji ya kunywa.

Mzigo ulipofika kwa treni, fundi Salvatori wa Katumba ndiye aliyezifunga. Alizungusha zile ringi mpaka matairi yakaingia ndani ya bodi, akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama, akacheka kwa furaha. "Bosi, limekaa!" alisema. Na kweli lilikaa. Pale Shanwe watu walisimama njiani kulitazama likipita. Alois alikuwa anaendesha polepole sana, wengine wakidhani ni maringo. Sababu ilikuwa nyingine. Akikanyaga hata kokoto, meno yake yalikuwa yanagongana.

Miezi ikapita hivyo. Dorotea hakuomba tena kupanda.

Kisha asubuhi moja dereva wa lori la mpunga alipiga hodi. Alikuwa ametumwa kutoka Usevya. Mama yake Dorotea, bibi Emerensiana, alikuwa hali chakula tena, na alikuwa anamtaja binti yake.

"Twende sasa hivi," Dorotea alisema. Alikuwa tayari amejifunga kitenge.

"Mgongo wako, Mama Vestina."

"Nitavumilia. Tuwahi tu."

Binti yao Vestina walimwacha kwa jirani. Alois aliweka mito miwili kwenye kiti cha mbele, akaweka na blanketi. Kabla ya kuondoka aliingia chini ya gari akalegeza zile shokapu mpaka mwisho wa ulaini wake. Haikusaidia kitu. Springi zilikuwa fupi mno. Zikilegezwa, gari lilishuka likagonga chini, na pigo lote lilipanda moja kwa moja kwenye kiti. Njia ya kwenda Usevya kupitia Sitalike ilikuwa imekunjamana kama bati. Alijaribu kwenda polepole, likatetemeka. Alijaribu kukimbia, likarukaruka. Dorotea alishika dashibodi kwa mikono miwili, uso ameuelekeza mbele, na Alois aliona jasho likimtoka shingoni ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Hakulia wala kulalamika. Mara moja tu, walipotua kwenye shimo ambalo Alois hakuliona, alitoa sauti ndogo, halafu akasema, "Samahani."

Samahani! Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Walipofika Sitalike hakuweza kunyanyua mguu. Alois alimbeba, akamlaza kwenye mkeka nyumbani kwa mama mmoja muuza chai karibu na daraja. Dorotea alimshika mkono wa shati.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi siwezi tena. Gari lolote la maana likipita nitaomba lifti. Mwambie mama nipo njiani."

"Siwezi kukuacha hapa."

"Anatutafuta, Baba Vestina. Akimwona hata mmoja wetu itamtosha. Nenda!"

Akaenda. Alivuka pori la hifadhi, tumbo la gari likikwaruza matuta ya katikati ya njia, akapita Kibaoni, akaingia Usevya mchana umekwisha. Ndugu walikuwa wamekaa nje. Naye akakaa nje pamoja nao, kama inavyompasa mkwe. Lakini dada mkubwa wa Dorotea, Immaculata, alitoka ndani akamwita.

"Mama anauliza nani kaja. Nimemwambia ni wewe. Anasema uingie."

"Chumbani? Dada, mimi ni mkwe."

"Ndiye amesema."

Miaka yote ya ndoa yake Alois hakuwahi kuvuka mlango ule. Aliinama, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi Emerensiana alikuwa amebaki kidogo tu, macho na mifupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Dorotea yuko nje?"

"Yuko njiani, mama. Yupo Sitalike. Mgongo umemzidi."

Yule bibi alifumba macho, akafumbua. "Mgongo," alisema. "Maskini mwanangu. Lakini alisema kwenye salamu zake kwamba ulimtafutia vifaa vya gari ili aletwe huku. Ulihangaika Dar nzima, alisema. Mungu akubariki, baba."

Alitafuta mkono wa Alois kwenye shuka, akaushika. Alois akaona heri ardhi ya chumba kile ipasuke. Alitaka kusema. Lakini mtu anayekufa unamwambiaje habari za springi? Akabaki amepiga magoti, mkono wake umeshikwa na mtu aliyekuwa anambariki kwa uongo wake mwenyewe. Jua lilipokuwa linazama ule mkono ulilegea, na Immaculata akaanza kulia.

Dorotea alifika kesho yake asubuhi, amelala juu ya godoro nyuma ya gari la parokia. Alishushwa na watu wanne.

Siku za msiba alikaa ameegemea ukuta, na kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa jambo lilelile: "Ni mgongo wangu huu. Mgongo wangu ndio ulioninyima mama." Alois alilisikia akiwa kwa wanaume, alilisikia akibeba maji, alilisikia hata aliposogea mbali. Siku ya nne akashindwa. Alimkuta mkewe peke yake kwenye kivuli cha ghala la mpunga, akachuchumaa mbele yake.

"Usiseme tena ni mgongo," alisema. "Zile laini zilikuwepo."

"Laini zipi?"

"Shokapu. Osward alizipata zote mbili. Mimi ndiye niliyezikataa. Nilikudanganya."

Dorotea alimgeukia. "Zilikuwa ghali?"

"Bei ilikuwa moja."

"Sasa kwa nini?"

"Zinainua gari," Alois alisema, na maneno yale yalipomtoka akasikia jinsi yalivyo mepesi. "Niliogopa watu watanicheka."

Alingoja matusi. Dorotea hakumtukana. Alijikongoja akasimama, akaukataa mkono wake, akarudi walipokuwa wanawake. Jioni alimtuma Immaculata kumwambia kwamba yeye atabaki mpaka arobaini, na kwamba Alois arudi Mpanda akamwangalie Vestina.

Alois alirudi. Alimwomba jirani amkalie Vestina siku chache, akapanda treni mwenyewe kwenda Dar, akatafuta springi ndefu, akazileta, na Salvatori akazifunga huku akiguna kwa masikitiko. Celica likanyanyuka, matairi yakaonekana yote. Pale baa walicheka siku mbili, halafu wakasahau. Siku mbili tu! Alois alilifikiria hilo njia nzima ya kwenda Usevya kumchukua mkewe baada ya arobaini.

Dorotea aliwaaga nduguze, akaja, akalitazama gari, akaingia. Waliondoka. Walipoingia kwenye mashimo ya baada ya Kibaoni gari lilipanda na kushuka kama mtu anayepumua, hakuna kilichogonga. Dorotea alikuwa ameweka mikono mapajani. Alois alitazama ile mikono iliyotulia, na kila shimo walilopita salama lilikuwa linamwambia jinsi ambavyo ingewezekana kumwahisha kwa mama yake.

Katikati ya pori Dorotea akasema, "Simama."

Alois alikanyaga breki. "Mgongo?"

"Mgongo hauumi," alisema Dorotea. "Hauumi kabisa." Kisha machozi yakaanza kumtiririka. Alois alizima injini. Hakusema pole, kwa sababu hakuona kama ana haki ya kuisema. Walikaa hivyo milango imefungwa, mbung'o wakigonga vioo, mpaka Dorotea alipojifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Washa gari," alisema. "Mtoto anatungoja."