Kitunga Kilichozunguka Kamina

Mama Ndaya hakupenda kusaidiwa. Mwaka ule wa 1953 alikuwa na miaka sita ya ujane, magoti yake yalikuwa yamechoka, na shamba lake la mihogo lilikuwa mbali, ng'ambo ya reli inayokwenda Luena. Akina mama wa parokia walipomletea unga na sabuni, aliwapa viti, akazungumza nao vizuri kuhusu mvua na watoto, kisha akawarudishia unga wao mlangoni. Aliwaambia kwamba maskini wanakaa mtaa wa pili.

Amédée Kabongo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alipofika Kamina kutoka kijijini kwao, hana ndugu hata mmoja mjini, homa ilimwangusha siku tisa, na Mama Ndaya, ambaye hakumjua hata jina, alimnywesha uji kwa kijiko mpaka akasimama. Baadaye alipata kazi kwenye kivuko cha reli, akishusha na kupandisha mti unaozuia njia treni inapopita. Kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia yule mama kitenge. Alirudi nacho kwapani, kimekataliwa.

Kwa hiyo aliamua kumpa bila yeye kujua. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, alipokuwa akienda kazini, aliacha kizingitini pa Mama Ndaya kitunga cha samaki wakavu ambao shangazi yake alimtumia kutoka Mulongo. Kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mji hata nyumba zilionekana kama zimewekwa hewani. Treni ilipopita, moshi wake uliingia ndani ya ukungu ule na Amédée hakuweza tena kuvitenganisha. Alisimama kwenye kivuko chake akijisikia mwepesi, kama mtu aliyeota ndoto nzuri na bado hajaamka sawasawa.

Jioni, aliporudi nyumbani, alikikuta kitunga mlangoni pake.

Samaki walikuwa walewale, wamefungwa kwa fundo lake mwenyewe, ingawa mmoja alikuwa amekatwa mkia. Ila sasa kulikuwa na pilipili kavu ndani ya jani, na juu yake kitambaa cheupe kilichotariziwa ua moja la buluu. Amédée alikaa chini. Alifikiri Mama Ndaya amemgundua na amekataa tena, ingawa safari hii kwa upole. Lakini macho ya Mama Ndaya hayakuweza siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano. Alilitazama lile ua mpaka giza likalifuta.

Mambo yalikwenda hivi. Mama Ndaya alipokikuta kitunga asubuhi, hakujiuliza sana kimetoka wapi; alifikiria kumpa Hulda. Hulda alikuwa binti wa Ézéchias, karani wa Kimetodisti, naye alifundisha wasichana kushona katika shule ya misheni. Kila juma alikuja kumsomea Mama Ndaya barua za mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Jadotville, akamwandikia majibu, na hakukubali kupokea hata karanga. Mama Ndaya akaongeza pilipili, akasubiri saa za shule, akakiweka kitunga kwenye dirisha la nyuma la nyumba ya karani.

Karani Ézéchias alikiona kwanza. Alisema kwamba mtu anayeleta samaki dirishani ni mchumba asiye na ujasiri wa kupita mlangoni, na kwamba kitu kisicho na mwenyewe hakitalala nyumbani mwake. Alimwambia binti yake akipeleke kwa mwenye shida.

Hulda hakuhitaji kutafuta. Kila siku alipita kwenye kivuko cha reli, na kila siku yule mlinzi aliupandisha mti polepole, akatazama chini, akasema bonjour kwa sauti ndogo. Mikono ya shati lake ilikuwa mipana mno. Hulda aliamua kwamba kijana huyu anakonda kwa njaa. Ukweli ni kwamba shati lile lilishonwa kwa ajili ya mtu mnene aliyemtangulia kazini. Akachukua kitambaa alichokuwa amekitarizi kwa ajili ya mto wake, akawafunika samaki, akakipeleka kitunga mlangoni pa mlinzi kabla yeye hajarudi kutoka kazini.

Juma lililofuata Amédée aliacha kidebe cha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kwa Mama Ndaya. Kilirudi kimepungua kidogo, kimeongezewa karanga, na kimefunikwa kitambaa kingine. Mihogo ilirudi. Asali ilirudi. Amédée alivifua vile vitambaa, akavikunja, akaviweka chini ya mto. Kazini alianza kusahau. Siku moja treni ilikuwa imekwishapita, mikia yake ya moshi imekwishatawanyika juu ya majani makavu, na watu wenye baiskeli walikuwa bado wamesimama wakimsubiri apandishe mti.

Mwishowe alipeleka kuku mwekundu, miguu imefungwa, kwa sababu aliona kuku hawezi kukataliwa kimyakimya. Siku hiyo treni ya mchana ilichelewa, mkubwa wake akamruhusu aende nyumbani mapema. Alimkuta Hulda mlangoni pake, ameficha kitu ndani ya kitenge chake, na kitu hicho kilikuwa kinalia.

Walitazamana. Amédée ndiye aliyesema kwanza.

"Mama Ndaya njo alikutuma?"

"Mama Ndaya anaingia namna gani mu ile mambo?" Hulda aliuliza. "Ile kuku tulimukuta ku dirisha ya kwetu."

"Iko kuku ya minyi, Mademoiselle. Asubuhi nilimuweka ku mulango ya Mama Ndaya."

Hulda aliuliza habari za samaki, akajibiwa kwamba walikuwa wa Amédée. Aliuliza mafuta, asali, mihogo. Vyote vilikuwa vya Amédée.

"Basi siku zote nilikuwa nakupatia bintu ya weye," alisema.

"Bitambaa haikuwa ya minyi," Amédée alijibu. Aliingia ndani, akatoka na vile vinne vilivyokunjwa. "Nilifikiri ni ya Mama Ndaya. Lakini moyo ilikatala."

Hulda alianza kucheka, akacheka mpaka ikabidi amweke kuku chini. Walikaa kizingitini, kila mmoja upande wake, na ndipo walipoona jambo la kusikitisha: kwa miezi miwili Mama Ndaya alikuwa hajala hata kimoja cha vitu vile. Amédée aliinamisha kichwa. Hulda alifikiri kidogo, akasema dawa ipo.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Ndaya na samaki mkononi, akamwambia kwamba mama yake alifariki mapema, kwamba yeye anajua sindano tu na hajui jiko, na kwamba anaomba kufundishwa. Mama Ndaya hakuweza kumfukuza mwanafunzi. Alimgombeza kuhusu chumvi, akamgombeza kuhusu moto, na chakula kilipoiva, mwalimu na mwanafunzi wake walikula pamoja, kwa sababu mwalimu lazima aonje. Ikawa hivyo mara tatu kwa juma, na mashavu ya Mama Ndaya yakajaa.

Siku moja, akiwa anasonga bukari, ule ugali wa huko, Mama Ndaya alimuuliza anajifunza kumpikia nani. Hulda alisema ni yule wa kivuko.

"Ule mutoto?" Mama Ndaya alisema. "Aliniletea kitenge, nilimurudisha nayo." Aliendelea kusonga. "Iko mutoto muzuri."

Alivaa nguo yake ya misa na kwenda mwenyewe kwa karani kumposea kijana. Ézéchias alimpokea kwa heshima, lakini alieleza kwamba kijana yule ni Mkatoliki, na kwamba nyumba yake ni ya Wametodisti tangu baba yake. Alieleza kwa muda mrefu. Kisha, kwa sauti nyingine, aliuliza kama Mama Ndaya anajua kwa nini siku hizi vitu havionekani tena dirishani, maana kila mara, tangu wale samaki, kabla Hulda hajatoka na kitunga, yeye alikuwa akijipunguzia kidogo.

"Ile samaki, baba," Mama Ndaya alisema, "ilikuuliza weye ni wa kanisa gani?"

Karani alijibu baada ya majuma mawili, na alidai jambo moja tu, kwamba kijana apite mlangoni.

Walioana mvua zilipokwisha, mwaka uliofuata, wakaenda Mulongo kumsalimu shangazi. Mpwa mwingine wa shangazi aliwapokea na mtumbwi, akawapitisha katikati ya matete, mahali ambapo maji yametulia na mayungiyungi yamefunguka pande zote. Ndege weupe walinyanyuka, wakatua tena mbele kidogo. Hulda, ambaye hajawahi kupanda mtumbwi, alikuwa ameshika ukingo kwa nguvu. Baada ya muda mkono wake ulilegea, akauteremsha majini, akauacha uvutwe. Alimuuliza Amédée kama bado ni mbali.

"Iko mbali kidogo," alisema.

Hulda alisema kwamba ni vizuri, akafumba macho.