Maji ya Bi Chausiku, Ghorofa ya Saba

Jumanne asubuhi, saa nne kasorobo, Tahir alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kufulia ya Mama Bernadette, bisibisi mdomoni, suruali imelowa hadi mapajani. Bomba la ukutani lilikuwa limefungwa. Mpira wa maji ulichomolewa tangu Jumapili na ulikuwa ukining'inia kwenye msumari, mkavu. Valvu ya kuingizia maji iliendelea kuvuja.

Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, ya chuma kitupu. Mwenye nyumba aliiacha humo kwa sababu wapagazi watatu, mmoja baada ya mwingine, walikataa kushuka nayo ngazi. Ilifulia nyumba nzima, na nyumba hiyo haikuwahi kuwa na watu pungufu ya kumi. Mama Bernadette wa Lubumbashi alipangisha vitanda na kupika bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, kwa yeyote aliyepanda ngazi kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji huo wa Kichina, akiwa na njaa au habari. Mwenye habari alipakuliwa kwanza.

Tahir, mtu wa Buguruni, alikuwa akifanya biashara ya koki na valvu. Mwezi wa Machi, valvu ya shaba ya mashine ilipokuwa ngumu kwa uzee, yeye ndiye aliyeing'oa na kufunga mpya kutoka kwenye sampuli zake, bure, nyumba nzima ikimpigia makofi. Ile ya shaba ilichukuliwa na mwokota vyuma. Mpya ilianza kuvuja wiki hiyohiyo.

"Papa Tahir," alisema Mama Bernadette, ameshika shuka puani, "hii ma-drap minafula mara mbili. Inanuka sawa misa."

"Sawa misa vipi?"

"Ubani, bwana! Sawa vile padri amepita humu jikoni."

"Acha ivuje, Mama," alisema Ilunga, muuza jinzi wa mtaa wa Zhanqian Lu, bila kuinua uso kutoka kwenye sahani. "Wapangaji wako walale na baraka. Kitanda ukipandishe bei."

Tahir alichovya kidole, akaonja. Ubani ulikuwapo, na chini yake chumvi kidogo ya kisima cha Buguruni. Alimjua mtu mmoja tu aliyefukiza tangi la maji kwa ubani kila mwezi, kama bibi yake alivyofukiza mtungi, akiteremsha chetezo ndani kwa kamba ingawa mafundi walimwonya kwamba plastiki itayeyuka. Haikuwahi kuyeyuka.

Alingoja hadi Dar es Salaam kupambazuke, akakwangua kadi ya simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tahir, tangi langu linapungua. Jana lilijaa, leo nikiligonga linalia tupu. Na chini kukavu kabisa."

"Yako huku, mama."

Bi Chausiku aliitikia kama mtu aliyeambiwa miwani yake iko juu ya kabati.

"Yote?"

"Sijui kama ni yote. Ndoo tatu tangu asubuhi."

"Basi mwambie huyo mama wa Kikongo asiyafulie nguo za ndani. Hayo ya udhu."

"Nitamwambia."

"Na ile koki uliyonitumia, nzuri. Mpaka leo inang'aa."

Tahir alikata simu akaifungua valvu. Mpira wa ndani ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na springi yake ilikuwa imechoka kabla ya kuanza kazi. Aliutambua mpira huo. Koki ya tangi la mama yake ilikuwa na mpira wa aina hiyohiyo, kutoka duka lilelile, na aliyeuchagua ni yeye mwenyewe.

Duka lilikuwa na rafu mbili. Vitu vya rafu ya mbele na vya rafu ya nyuma vilifanana kama pacha, kwa mng'aro na kwa uzito mkononi. Tofauti ilikuwa tumboni. Kwa miaka mitatu Tahir aliingia, akasalimia, akaonyesha kidole rafu ya nyuma, na mwenye duka akaandika juu ya makatoni neno la Kichina lenye maana ya Afrika, Feizhou. Mteja wake wa Kariakoo, Agustino, alikuwa amekwisha kumwambia: watu wanauliza bei, na baada ya bei hawaulizi tena.

Mchana huo alikwenda. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo. Tahir alimwita laoban, bosi, naye alimwita Tahir laoban, kwa kuwa katika soko lile kila mtu alikuwa bosi. Mwanamke huyo aliubonyeza ule mpira mwembamba kwa ukucha, akatikisa kichwa polepole kama daktari anayemjua mgonjwa. Akanyanyuka, akachukua valvu ya mashine kutoka rafu ya mbele, akampa bure. Mteja wa siku nyingi.

"Na koki za rafu hii ya mbele," Tahir aliuliza, "kwa bei yangu ileile?"

"Meiyou," alisema. Hakuna. Akalipigapiga katoni la Feizhou kwa kiganja, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

Jioni Tahir aliifunga valvu njema. Skrubu mbili, kibanio, waya mbili za koili. Sakafu ilikauka. Mama Bernadette alideki, akakaanga samaki wa kusherehekea, na Ilunga akasema sasa ataanza kunuka kama mtu wa kawaida.

Jumatano adhuhuri simu ililia.

"Bado yanapungua," alisema Bi Chausiku.

"Huku pamekauka, mama. Nimetengeneza."

"Umetengeneza. Sasa yanakwenda wapi?"

"Sijui."

"Jana nilikuwa najua yaliko. Yako kwa mwanangu. Leo sijui yaliko."

"Nikutumie koki nyingine, mama. Ya rafu ya mbele. Kuna mtu anasafiri Jumamosi."

"Nifunge hiyo, halafu? Ya bomba la mtaa ni yako. Ya msikitini ni yako. Ya jirani yetu Mwadini, ya zahanati, zote zako. Tulizinunua kwa fahari, Tahir. Tukisema hizi kaleta mtoto wetu."

Tahir aliangalia sakafu kavu.

"Mwanangu, rudisha ile mbovu."

Alhamisi asubuhi alipiga tena magoti nyuma ya mashine. Alikuwa ameshika valvu njema mkono wa kushoto na mbovu mkono wa kulia Haidar alipompigia. Haidar ndiye aliyekuwa akimsafirishia mizigo.

"Kontena lako liko bandarini Nansha, Tahir. Linapanda meli kesho. Kuna cha kubadilisha? Nikizuia leo, bado tunawahi."

Ndani ya kontena mlikuwa na koki, mpira mwembamba katika kila moja.

"Hakuna," alisema Tahir. "Liende."

Akaifunga mbovu. Maji yakatoka mara moja. Mama Bernadette aliyaonja kwa kijiko kama mchuzi. Ubani ulikuwapo, lakini sasa kulikuwa na dawa ya zahanati pia, na tope kidogo la bomba la mtaa.

"Iko wengi leo," alisema, akaenda kutafuta pipa.

Tangu siku hiyo nyumba iliogea maji ya Buguruni na kufulia maji ya Buguruni, isipokuwa nguo za ndani, ambazo Mama Bernadette alizifua kwa mkono kwenye bomba la ukutani, kwa sababu aliahidi. Wapangaji wapya waliambiwa wasiyanywe kabla hayajachemshwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Adhuhuri hiyohiyo ya Alhamisi Bi Chausiku alipiga simu. Alikuwa kwenye foleni ya kuchota, mtaa wa tatu. Nyuma yake zilisikika ndoo.

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Yanakuja?"

"Yanakuja, mama. Mengi."

"Alhamdulillahi. Sikiliza. Kontena lako linaondoka lini?"

"Kesho."

"Nilikuwa nataka unitilie humo madumu mawili. Ya maji yangu. Ya udhu tu, siyo mengi."

"Limejaa, mama."

"Limejaa nini?"

"Koki."

Ndoo ziligongana. Foleni ilisogea hatua moja.

"Haya," alisema Bi Chausiku. "Mungu akujaalie wateja."