Chai ya Bwana Ignasi

Bi Hyasinta alikuwa na miaka sabini na ushei, goti moja bovu, na ulimi mzima kabisa. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya vyumba sita, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nusu ya kodi alilipiwa na ofisi ya misaada ya wazee, kwa sharti moja: mzee awe anajimudu. Asiyejimudu hupelekwa kambi ya wazee, huko nje ya mji, akazeekee kwa watu asiowajua. Kambi hiyo aliiogopa kuliko kaburi, wala simlaumu.

Jumatatu asubuhi akaja Bwana Ignasi, karani wa ofisi hiyo, kumkagua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Bi Hyasinta akashika ukingo wa kitanda ili ainuke amwandalie mgeni chai. Jiko alikuwa ameliwasha mwenyewe tangu alfajiri.

"Kaa, mama, kaa," akamwahi Scholastika, jirani yake wa chumba cha pili. Wote wawili walitoka kusini, na kwao mzee kumhudumia mgeni ilhali vijana wapo ni aibu ya nyumba nzima. Scholastika akamimina chai, akamfunika bibi kanga miguuni. Karani alipouliza nani huteka maji, akadakia, "Sisi, baba. Mama huyu hainui hata kikombe. Sisi tupo kwa kazi gani?"

Uongo mtupu. Kila siku Bi Hyasinta alikwenda bombani na debe lake, akarudi nalo nusu, akimfokea kila aliyemzibia njia. Alitaka kusema. Lakini angemuumbua Scholastika mbele ya mgeni, binti wa watu aliyemtendea wema tu. Basi yeye, asiyewahi kumeza neno maishani, siku hiyo akameza.

Bwana Ignasi akaandika, akamaliza chai, akashukuru. Akiwa mlangoni akasema kwa upole, "Gari litamfuata Alhamisi. Kambini atapata wa kumwangalia."

Scholastika akamfuata mlangoni. "Kambini? Mimi nilidhani unataka kujua kama tunamtunza."

Bi Hyasinta akasimama, goti likilia. "Maji nateka mwenyewe, mwanangu. Lete debe uone."

"Nimeshaandika, bibi. Na wenzako ndio waliosema."

Scholastika alimfuata karani ofisini Jumanne, akamfuata tena Jumatano, akaapa kwamba alidanganya. Waliona anamtetea mzee wake tu.

Alhamisi Bi Hyasinta aliwahi bombani kabla ya watu wote. Akawasha jiko, akachemsha chai, akamwita Scholastika. Huyo akakimbilia birika.

"Kaa," Bi Hyasinta akamwambia.

Scholastika akakaa, macho yamemvimba kwa kulia. Bi Hyasinta akammiminia chai bila kumwaga hata tone. Nje gari likapiga honi, na Scholastika akataka kuinuka, kikombe kikiwa bado mkononi.

"Kunywa umalize," alisema Bi Hyasinta. "Nataka nikioshe kabla sijaondoka."