Visigino vya Violeth

Saa nne asubuhi, kwenye duka la mapazia la Bi Khairunnisa, Mtaa wa Kongo, mteja mmoja mzee alitaka pazia la kijani. La kijani lilikuwa stoo, ghorofa ya tatu, na ngazi zilizibwa na marobota. Violeth, muuzaji wake, akatoka nje, akaruka, akaingia dirishani, akashuka nalo.

"Uwe unavaa suruali ndani, mwanangu," Bi Khairunnisa akamwambia. "Watu wanapita."

Violeth alikuwa anamtazama mteja.

"Shikamoo, Mwalimu Elimringi. Mimi Violeth, la sita B. Ulitupima kuruka chini, ukichagua timu ya wilaya."

"Marahaba. Violeth..." Mwalimu akafikiri. "Aa! Yule mtoro!"

Siku ile walipimwa kwenye mchanga nyuma ya vyoo, kutoka kwenye mstari hadi pale kisigino kilipotua. Violeth aliruka. Kengele ya uji ikalia, ya hesabu ikalia, yeye bado yuko juu, anaziona nguo za soko la Mchikichini. Alipotua, wenzake walikuwa darasani. Kwenye daftari, penye mita, paliandikwa MTORO. Akala viboko vinne. Timuni akaenda Jacqueline, aliyeruka mita tatu.

"Sikutoroka, mwalimu. Nilikuwa juu."

"Najua, nilikuona," mwalimu akasema, akikagua upindo wa pazia. "Sasa ningepima nini? Kisigino unacho hewani, na watoto sitini wanasubiri zamu nyuma yako."

"Daftari unalo?"

"Lipo nyumbani."

"Timu siitaki tena. Nataka ufute hilo neno tu."

"Nikifuta niandike nini? Lazima niandike mita."

"Basi nipime leo."

Mwalimu akakubali. Bi Khairunnisa akatoa futi kamba. Wakatoka nje. Wapita njia wakampisha Violeth; mbeba mizigo mmoja akaomba tu asije akamtulia kwenye nyanya zake. Violeth akaruka.

Alitua saa saba kasoro, mbele ya duka la masufuria, mtaa wa pili. Akasimama palepale, visigino vimegandamana na lami, akimtafuta mwalimu kwa macho. Aliyekuja ni Bi Khairunnisa, futi kamba ameshaikunja.

"Kaondoka, mwanangu. Kasubiri weee, mpaka adhana. Kasema daftari libaki lilivyo."

"Shika upande huo wa futi basi, bi mkubwa."

"Duka liko peke yake. Twende."

"Tangulia. Hapa hapajapimwa."

"We dada, njia!" akapiga kelele mwenye mkokoteni wa viazi.

Violeth hakuinua mguu. Yule mtu akasonya, akamzunguka, na waliokuja nyuma yake nao wakamzunguka.